Sekunde 40 za Mchapakazi

Kila timu ya hoki ya barafu ina mtu wake huyu. Yuko safu ya tatu au ya nne. Anaingia uwanjani kama anayeliwahi basi la mwisho, anawabana mabeki ukutani, anajilaza mbele ya mashuti ambayo wenzake wanayakwepa, na baada ya sekunde 45 yuko benchi tena, anahema, jasho linamtiririka chini ya kofia. Mashabiki wanampenda kuliko wanavyowapenda nyota. Timu ikianza kukauka mabao, mashabiki haohao hawakawii kuuliza: kwa nini kocha hampi mchapakazi huyu muda wa pawaplei?

Wanaotaka apewe wanasema ameutolea jasho. Wanaokataa wanasema ufundi wa gongo hana. Nimesikiliza pande zote mbili kwa miaka, na ajabu ni kwamba hakuna anayetaja namba, ilhali swali lenyewe ni la namba tupu.

Kwa aliyekulia kwenye soka, pawaplei haina ugumu. Mchezaji akifanya kosa dogo, kama kumkwatua mwenzake au kumng'ang'ania, anatolewa na kufungiwa kibandani kwa dakika mbili. Timu yake inacheza pungufu: wanne dhidi ya watano, ukiwaacha makipa. Ila hii si kadi nyekundu. Likiingia bao, adhabu imekwisha na mfungwa anaachiwa, kwa hiyo pawaplei nzuri hujikatisha yenyewe. Ukichanganya zilizozaa bao, zilizovurugwa na kosa la upande wa pili na zilizokwenda hadi mwisho, nazichukulia kuwa na wastani wa sekunde 105.

Sasa ukubwa wake. NHL, ligi ya Marekani na Kanada, ina timu 32, na kila timu imekuwa ikicheza mechi 82 kwa msimu wa kawaida. Miaka hii timu hupata pawaplei zisizozidi sana tatu kwa mechi, na hufunga katika asilimia 21 hivi. Tatu mara 82 ni 246. Asilimia 21 ya hizo ni mabao 52. Timu ya kawaida hufunga kama mabao 250 kwa msimu mzima, maana yake bao moja kati ya kila matano linatoka katika dakika tano na robo za mechi ya dakika 60. Hakuna shamba dogo linalotoa mavuno kama hili. Ndiyo maana watu wanaligombania.

Na shamba limepungua. Msimu wa 2005-06, baada ya ligi kufungwa msimu mzima kwa mgogoro wa mikataba, waamuzi walirudi na amri ya kutomvumilia yeyote anayemzuia mwenzake kwa gongo au mikono. Timu zikawa zinapata karibu pawaplei sita kwa mechi, kama 480 kwa msimu. Wakati ule kocha alikuwa na nafasi za kugawa hadi za kusaza. Leo anagawa nusu ya zile.

Anazigawaje? Siku ya mechi huvaa jezi wachezaji 20: washambuliaji 12, mabeki sita na makipa wawili. Kwa ajili ya pawaplei kocha huunda makundi mawili ya watu watano. Zamani kundi lilikuwa na washambuliaji watatu na mabeki wawili. Siku hizi karibu kila timu hutumia washambuliaji wanne na beki mmoja. Nne mara mbili ni nane. Hapa ndipo mjadala wa mashabiki unapokosea tangu mwanzo, kwa sababu mchapakazi hamnyang'anyi nyota kiti. Anagombea na mshambuliaji wa nane wa timu, kijana fulani mwenye shuti la kupendeza ambaye naye hajui kama mwezi ujao atakuwa hapo. Tofauti ya mtu wa nane na wa kumi ni ndogo kuliko kelele zinazopigwa juu yake.

Kundi la kwanza ndilo linaloanza, na mara nyingi haliondoki mapema. Kati ya zile sekunde 105, tuseme linachukua 65 na kuliachia la pili 40. (Kuna manahodha ambao hata hizo 40 huzitoa kwa shingo upande.) Kwa msimu mzima, kundi la kwanza linapata dakika 266 na la pili 164. Nakadiria kundi la kwanza la timu ya wastani hufunga mabao 8.5 kwa kila dakika 60 za aina hii, la pili mabao 5. Zidisha: 38 na 14. Jumla 52, tumerudi pale pale tulipoanzia, kwa hiyo makadirio hayako mbali.

Basi mpe mchapakazi kiti cha kundi la pili. Tuseme ujio wake unaliongezea kundi asilimia 10, ambao ni ukarimu mkubwa kwa kubadilisha mtu mmoja kati ya watano. Asilimia 10 ya mabao 14 ni bao 1.4. Wachambuzi wengi wa hoki hukadiria kwamba mabao sita ya ziada huleta ushindi mmoja, yaani pointi mbili. Bao 1.4 halifiki hata nusu pointi. Na kundi likidorora kwa kiasi hichohicho, hasara ni hiyohiyo. Makelele yote yale ya redioni, watu kupigiana simu hadi usiku wa manane, ni ya nusu pointi kwa miezi sita.

Lakini nusu pointi ina bei, na bei hiyo hailipwi siku ya mechi.

Ukomo wa mishahara wa NHL msimu wa 2025-26 ulikuwa dola milioni 95.5 kwa timu. Ugawe kwa mabao 250 upate dola 382,000 kwa bao. Nusu ya kazi ya timu ni kuzuia, kwa hiyo kata tena katikati: dola 190,000 hivi. Ni hesabu ya sokoni, si ya mhasibu, lakini inatosha. Bao 1.4 lina thamani ya dola 267,000. Mshahara wa chini kabisa wa ligi msimu huo ulikuwa dola 775,000.

Sasa mlete wakala wa mchezaji. Katika hoki, bao moja hutoa pointi hadi tatu za kumbukumbu: ya mfungaji na za watu wawili waliomtengenezea. Pointi tatu kwa watu watano waliomo uwanjani ni wastani wa 0.6 kwa kila mmoja. Kundi la pili likifunga mabao 14, mtu yeyote aliyemo ndani yake ataokota kama pointi nane. Mpunguzie mchapakazi wetu kwa kuwa hashiki sana kisahani (ndilo jina nitakalokiita kile kipande cheusi cha mpira mgumu wanachokipiga), bado ana sita. Mtu aliyekuwa na pointi 18 kwa msimu sasa ana 24. Hajabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni mahali alipokuwa amesimama. Ila wakala ataingia mkutanoni na karatasi yenye 24, na akiomba milioni moja zaidi kwa mwaka, kwa miaka mitatu, atakuwa na la kusema. Timu itakuwa imejipandishia yenyewe bei ya bidhaa yake: imepata mabao ya dola 267,000, inalipa milioni tatu.

Kocha naye atasema, ngoja nimjaribu mechi 20, akishindwa namtoa. Inasikika kama busara. Mechi 20 za kundi la pili ni dakika 40, na kwa mwendo wetu wa mabao 5 kwa dakika 60, kundi linatarajiwa kufunga mabao 3.3. Namba ndogo kama hizi hurukaruka zenyewe. Bila mtu yeyote kuongeza wala kupunguza bidii, mara moja kati ya kila sita hivi kundi hilo litapata bao moja au litatoka kapa, na mara moja kati ya kila nane litafunga sita au zaidi. Gazeti litaandika katika hali ya kwanza kwamba mchapakazi ameiua pawaplei, na katika ya pili kwamba kocha amegundua dhahabu. Hakuna kati ya hizo iliyothibitishwa.

Hadi hapa ungedhani nawaunga mkono wanaosema asipewe. Sivyo. Nasema kiti wanachomwombea sicho.

Twende karibu na goli. Lina upana wa meta 1.83 na urefu wa meta 1.22, dogo kuliko mlango wa gereji, na kipa akivaa vifaa vyake vyote analijaza. Akikiona kisahani, atakizuia, hata kikija kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumnyima kuona. Mtu mmoja wa timu inayoshambulia huenda kusimama pale mbele yake, makalio usoni pa kipa, miguu ameipanua. Beki wa upande wa pili anamsukuma mgongoni kwa mpini wa gongo, juu kidogo ya kiuno, tena na tena, mahali ambapo vazi la kinga halifiki vizuri. Mshambuliaji hageuki kulalamika, macho yake yako kwenye mstari wa buluu, mpaka wa eneo la ushambuliaji, kwa beki wa timu yake anayejiandaa kupiga. Shuti linapoondoka ana muda usiofika nusu sekunde wa kuchagua: aruke lipite, au alichepushe kwa ncha ya gongo. Kipa akikitema, maana hata hapa makipa hutema, kisahani kinaanguka katikati ya miguu sita na wa kwanza kukigusa ndiye mwenye bao. Hakuna ufundi wa kupendeza hapo, na wenye ufundi hawapapendi.

Sasa tazama watu wengine wanne. Mpangilio wa kawaida leo ni mmoja nyuma, watatu katikati wakitandazana, mmoja mbele ya goli. Kisahani kinazunguka kwa wale wa nyuma na wa pembeni. Alexander Ovechkin amefunga sehemu kubwa ya mabao yake ya pawaplei akiwa amesimama upande wa kushoto, na bao lake la 895, lililovunja rekodi ya mabao ya Wayne Gretzky tarehe 6 Aprili 2025, lilikuwa la pawaplei. Katika kundi lenye watu wa namna hiyo, aliye mbele ya goli hugusa kisahani mara chache kuliko wote. Udhaifu wa mchapakazi, yaani pasi na shuti la mbali, umefunikwa na wenzake. Kinachobaki ni nguvu zake. Mpeleke kundi la pili na mambo yanageuka, kwa sababu pale hakuna wa kumfunika. Wenzake nao ni wa tano, wa sita na wa saba, kila mmoja ana pengo lake, na anayetakiwa kutoa pasi ngumu anaweza kuwa yeye.

Kuna kazi nyingine ambayo takwimu za mabao haziionyeshi. Timu inayocheza pungufu inaruhusiwa kukitupa kisahani hadi mwisho wa uwanja bila kuadhibiwa. Uwanja wa NHL una meta 61. (Aliyewahi kuingia hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi, ambako Ice Lions wa Kenya hufanyia mazoezi, ajue ule wa NHL ni mkubwa zaidi.) Kisahani kikitupwa, washambuliaji wanarudi kukifuata, wanajipanga, wanavuka mstari upya. Sekunde 15 hadi 20 zimekwenda na maji. Kwa kundi lenye sekunde 40, kutupiwa mara mbili ni sawa na kutokuingia kabisa. Na visahani hutupwa baada ya nini? Baada ya kugombaniwa ukutani na pembeni, watu wawili kwa wawili, magongo na mabega. Hapo ndipo mchapakazi anapokula mshahara wake kila siku.

Tuseme yumo kundi la kwanza na katika kila pawaplei tatu anaokoa kisahani kimoja ambacho kingetupwa. 246 gawa kwa tatu ni 82. Kila kimoja kina sekunde 18: jumla dakika 24 na nusu, zote zikiwa ndani ya eneo la adui, watu wamekwisha kujipanga, mahali ambapo mwendo wa kundi la kwanza unaweza kufika mabao 10 kwa dakika 60. Hayo ni mabao manne. Linganisha na lile 1.4 la kundi la pili. Nyota wa nne anayempisha hapotei, anashuka kundi la pili na kulipa shuti ambalo halikuwa nalo.

Mfano ulio hai ni Zach Hyman. Katika uteuzi wa vijana wa NHL wa mwaka 2010, alichaguliwa na Florida raundi ya tano, mtu wa 123, nafasi ambayo wengi wakishateuliwa hawasikiki tena. Akiwa Toronto alikuwa mchapakazi wa vitabuni hasa. (Na vitabu anaandika kweli, vya watoto.) Alikimbiza visahani kwa niaba ya nyota, alicheza sana timu ikiwa pungufu, na kundi la kwanza la pawaplei lilikuwa la wengine. Mechi 345, mabao 86: kama 20 kwa kila mechi 82. Mshahara wake ulikuwa dola milioni 2.25 kwa mwaka. Mwaka 2021 Edmonton wakampa miaka saba kwa milioni 38.5, na wengi, nikiwemo mimi, tukasema wamelipa bei ya nyama kwa mfupa.

Edmonton wakamsimamisha mbele ya goli, pamoja na Connor McDavid, Leon Draisaitl na Ryan Nugent-Hopkins. Msimu wa 2022-23 timu hiyo ilifunga mabao 89 katika pawaplei 275. Hiyo ni asilimia 32.4, rekodi ya ligi, ikiipita asilimia 31.9 ya Montreal iliyodumu tangu 1977-78. Timu ya wastani ikipewa nafasi hizohizo 275 ingefunga kama 58. Mabao 31 ya ziada, kwa kipimo chetu cha sita kwa ushindi, ni pointi 10, na Edmonton walimaliza na 109. Hyman mwenyewe alifunga 36 msimu ule, kisha 54 uliofuata. Misimu yake mitatu ya kwanza kule ilikuwa mechi 235, mabao 117: takriban 41 kwa kila mechi 82. Maradufu.

Nisimpe sifa zisizo zake. Draisaitl peke yake alifunga mabao 32 ya pawaplei msimu ule, mawili pungufu ya rekodi ya Tim Kerr ya 1985-86, na McDavid anaweza kumpa pasi ya bao hata mwamuzi. Halafu sehemu kubwa ya mabao 54 ya Hyman ilipatikana watano kwa watano, kwa sababu huko pia alikuwa akicheza ubavuni mwa McDavid. Ukiniuliza Hyman alichangia mangapi kati ya yale 31 ya ziada, nitasema machache, labda manne au matano. Ila Edmonton wangeweza kumweka pale mtu mwenye shuti zuri zaidi, na hawakufanya hivyo. Kabla yake Detroit walifanya vivyo hivyo na Tomas Holmström, Mswidi aliyeteuliwa wa 257 mwaka 1994. Alicheza zaidi ya mechi 1,000, akatwaa vikombe vinne, na karibu nusu ya mabao yake 243 yalikuwa ya pawaplei, mengi akiwa amempa kipa mgongo huku Nicklas Lidström akipiga kutoka mbali.

Gharama ya kweli ya kumpandisha ni miguu. Mchezaji wa safu ya nne hucheza dakika kama 10 kwa mechi. Sekunde 65 mara tatu ni dakika tatu na robo, ongezeko la theluthi nzima. Kama yumo pia katika kundi la kuzuia timu ikiwa pungufu, lazima apunguziwe huko, la sivyo ifikapo Februari atakuwa anakimbia kwa jina tu.

Lipo jambo jingine ambalo makocha hulijua na mashabiki hawalizungumzi. Pawaplei ikiisha bila bao, mfungwa anaruka kutoka kibandani akiwa amepumzika dakika mbili nzima, na timu yake imepata moyo. Kocha huwatoa waliochoka na kuwaingiza safu ya nne, wenye miguu mibichi, wakazime moto. Mchapakazi akiwa kundi la pili, ndiyo kwanza anamaliza sekunde zake 40 na hawezi kuingia, kwa hiyo safu hiyo inakwenda bila mtu wake muhimu. Akiwa kundi la kwanza, ameketi benchi sekunde 40 zote hizo, amekunywa maji, pumzi imerudi.

Kwa hiyo ningekuwa kocha mwenye nyota watatu wa kweli, ningemweka mbele ya goli na kundi la kwanza mwezi Novemba, na ningemkabidhi msaidizi wangu daftari lenye safu mbili: visahani vilivyogombaniwa akashinda, na vilivyotupwa. Kama sina nyota watatu, ningemwacha alipo, na kijana wa nane aendelee kupiga mashuti yake. Daftari ningelifungua Desemba, na mabao singeyahesabu hadi Machi.